Chungu cha mbwa kikienda kombo: dalili, sababu na pa kuanzia

Mbwa wengi wa Unguja na Pemba wanaishi uani au shambani. Wapo wanaolinda mikarafuu wakati wa mavuno, wapo wa wasasi wanaofukuza nguruwe wanaokula mihogo, na wapo wanaolala getini kwenye nyumba za wageni za pwani. Zamani walikula kilichobaki. Siku hizi watu wengi zaidi wanawapikia makusudi, kwa kuwa chakula cha mfuko ni ghali, na ukishatoka mjini au ukiwa huko Micheweni, kaskazini ya Pemba, unaweza kukitafuta siku nzima usikione. Kupika ni jambo jema. Ila chungu kinaweza kumshibisha mbwa kila siku na huku kinamdhoofisha pole pole, na mwenyewe asielewe kwa nini.

Shida nyingi za chakula cha nyumbani zina mizizi miwili. Ama kuna kitu kimekosekana chunguni: kalsiamu, mafuta yanayofaa, nyama au samaki wa kutosha. Ama kuna kitu kimehamia kutoka chungu cha watu: chumvi, vitunguu, mifupa iliyopikwa, tui zito. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, mtazame mbwa sehemu tatu, yaani mavi, manyoya na fizi. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, usubiri. Anayeondoa dagaa, akaongeza mafuta na kutoa dawa ya minyoo siku hiyo hiyo, mbwa akipata nafuu hatajua kilichomponya, na mwezi ujao atarudi palepale.

Chungu cha kulinganishia

Huwezi kujua kilichoharibika bila kipimo. Mbwa mzima wa kilo 15, umbo la mbwa wetu wengi wa kienyeji, asiye na mimba wala anayenyonyesha, anahitaji takriban kalori 850 kwa siku. Chakula chake cha siku moja kinaweza kuwa hivi: dagaa wakavu gramu 60, yaani konzi mbili, waliorowekwa na kuoshwa, vikombe viwili vya wali au ugali uliokwisha kupikwa, yai moja la kuchemsha, konzi ya boga au mchicha, na vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna bizari. Kigawe asubuhi na jioni.

Dagaa hapo wanafanya kazi mbili. Wanaleta protini, na kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, wanaleta kalsiamu. Ukiwaondoa ukaweka nyama tupu, firigisi, au samaki uliyemtoa miba, kalsiamu imeondoka nao na ni lazima uirudishe. Njia rahisi ni maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yaanike mpaka yakauke kabisa, kisha yatwange kwenye kinu na kuyapitisha kwenye chujio la chai. Sugua unga wake baina ya vidole viwili: ukihisi chembe inayokwaruza, rudi kwenye kinu. Nusu kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mbwa wa kilo 15 anayekula nyama isiyo na mfupa. Wapo waliosikia neno kalsiamu wakakimbilia chokaa ya tambuu. Usithubutu, wala ile ya kupaka ukutani. Inaunguza mdomo na tumbo.

Ini ni zuri, lakini lisizidi sehemu moja ya ishirini ya chakula. Kipande cha gramu 50 mara mbili kwa wiki kinatosha. Vitamini A iliyomo haimwagiki kwenye mkojo, inajikusanya mwilini, na mbwa anayelishwa maini kila siku kwa miezi huishia kuwa na shingo na viungo vigumu vinavyouma.

Niseme wazi pia kwamba chungu hiki hakifiki kila mahali. Zinki na vitamini E ni vigumu kuzipata za kutosha kwa dagaa na wali peke yake. Badala ya dagaa, mara mbili tatu kwa wiki mpe nyama nyekundu, na mwulize daktari wa mifugo juu ya vitamini za mbwa za unga au vidonge. Za watu usimpe kwa kukisia.

Sufuria, upawa na bakuli vya mbwa viwe vyake na vikae nje. Kwa wengi wetu hilo ni suala la najisi na halihitaji maelezo. Lakini lina faida nyingine: chungu chake kikiwa mbali na jiko la nyumba, hakuna mtu anayemimina humo mchuzi uliobaki kwa mazoea tu.

Mavi laini, kila siku au karibu kila siku

Anza na tarehe. Kama ulibadilisha chakula wiki hii, huenda hilo ndilo jibu. Tumbo la mbwa linahitaji siku 7 hadi 10 kuzoea chungu kipya. Robo ya kipya kwanza, halafu nusu, halafu robo tatu. Mbwa aliyezoea mabaki ya chapati akipewa ghafla sufuria ya dagaa ataharisha hata kama dagaa ni wazuri.

Kama chakula hakijabadilika, tazama mafuta. Tui la kwanza ni zito mno, na machicha ya nazi ambayo watu huona ni uchafu usio na kitu bado yana mafuta mengi na nyuzi nyingi. Kikombe cha machicha kwa mbwa asiyeyazoea kinatosha kumharisha siku mbili. Nazi yenyewe si sumu kwake, kosa ni kipimo. Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama ya mbuzi ni hivyo hivyo, na hayo yanaweza kwenda mbali zaidi: mlo mmoja wenye mafuta mengi unaweza kuvimbisha kongosho. Mbwa wa namna hiyo hatapiki tu. Anainama mbele makalio yakiwa juu, tumbo gumu, hataki kuguswa. Huyo ni wa daktari.

Halafu kuna maziwa. Mbwa wengi wazima hawasagi sukari ya maziwa. Maziwa ya mgando wanayavumilia kidogo zaidi, lakini hayana ulazima.

Choroko, kunde na maharage zinaleta gesi na mavi laini zisipoiva. Roweka usiku kucha, mwaga maji, pika mpaka zipondeke kwa kidole. Kama uani hapakaliki kwa harufu, punguza kunde kabla hujamlaumu mbwa.

Kilichobaki ni joto letu. Wakati wa kaskazi, chakula chenye samaki kilichoachwa nje tangu alfajiri hadi adhuhuri kimeshaharibika, hata kama harufu haijabadilika. Asipomaliza baada ya dakika 20 hivi, ondoa. Kwenye friji kikae siku tatu, na umeme ukikatika usiku kucha, usikihesabu tena.

Mavi laini yenye damu kwa mtoto wa mbwa ambaye hakuchanjwa, pamoja na kutapika na kulala tu, si jambo la chakula. Hiyo inaweza kuwa pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na inaua kwa siku chache. Usipoteze muda na uji wa mchele.

Kwa kuhara kwa kawaida, mbwa mzima akiwa bado mchangamfu na anakunywa maji, mpe wali laini na kuku asiye na ngozi wala mfupa, kidogo kidogo mara nne kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Usipoona tofauti siku ya tatu, tatizo si mpishi.

Mavi meupe, makavu, mbwa anajikamua

Anainama, anajikamua, kinatoka kipande kigumu cheupe kinachomeguka kama chaki. Hiyo ni mifupa. Mbwa amekula mingi mno, au unga wa maganda ya mayai umetiwa juu ya dagaa wenye mifupa, kalsiamu juu ya kalsiamu. Ondoa kimojawapo, ongeza boga lililopondwa na maji kwenye chakula. Siku mbili zinatosha kuona mabadiliko.

Mifupa iliyopikwa yenyewe ni shauri jingine. Mfupa wa kuku uliochemshwa au kuchomwa hupasuka kwa ncha kali, na ncha hizo zinaweza kutoboa utumbo. Miba mikubwa ya changu na nguru haina tofauti. Vichwa vya samaki watu wanavipenda kwa sababu soko la samaki wanavitoa karibu na bure. Vichemshe mpaka viachie, kisha chambua kwa mkono, chukua nyama na ile supu, tupa mifupa. Ni kazi ya robo saa na inanuka, lakini protini yake ni ya bei ambayo huwezi kuipata kwa mchinjaji. Mwenye jiko la presha ana nafuu: mifupa ya samaki wadogo ikipikwa humo muda mrefu hupondeka kwa vidole, na hapo inaliwa.

Akijikamua kwa siku mbili bila kutoa kitu, au akitapika juu yake, usimpe mafuta ya kumlainisha. Peleka.

Anatapika

Kutapika mara moja, akala majani, akaendelea na shughuli zake, ni mbwa. Swali ni alikula nini jana na juzi.

Vitunguu maji na vitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuonekana kwenye damu, maana yake kwa mbwa wa kilo 15 ni vitunguu viwili vitatu, na kidogo kidogo kila siku hujumlisha. Sasa fikiria ukoko wa pilau ya harusi, sinia nzima iliyokwanguliwa na kumwagiwa mbwa wa jirani. Kinachodanganya ni kuwa madhara hayaji siku ile. Yanakuja siku kadhaa baadaye: mbwa mlegevu, fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Wakati huo watu wameshasahau harusi.

Zabibu zinazotiwa kwenye biriani na kwenye keki huharibu figo za mbwa wengine hata kwa kiasi kidogo. Kungumanga pia ni sumu kwake ikiwa nyingi, na katika visiwa vya viungo si jambo la ajabu kukuta imedondoka uani. Kinyunya kibichi cha maandazi chenye hamira huendelea kuumuka ndani ya tumbo na kutengeneza pombe humo humo. Chokoleti na kahawa zinajulikana.

Kutoka baharini kuna viwili visivyo na mjadala. Bunju ni sumu kwa mtu na kwa mbwa, na kupika hakumsaidii mtu. Wavuvi humtupa ufukweni na mbwa ndio wa kwanza kumfikia, kwa hiyo ukiishi pwani mzoeshe mbwa wako asizurure wakati ngalawa zinarudi. Kingine ni kasa. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Kasa analindwa na sheria, hilo tuliache. Lakini pasiwe na mtu wa kusema nyama iliyotiliwa shaka apewe mbwa.

Samaki waliooza nao wasigeuzwe kuwa fungu la mbwa. Jodari na dagaa wabichi walioachwa juani mpaka wakaharibika hutengeneza sumu ambayo chungu hakiiui, hata kichemke vipi.

Mdomo wazi, mate yanachuruzika

Hapa nitaomba usome pole pole, maana watu wanaopenda mbwa wao ndio wanaoumia. Mbwa anayeachama, mate yanamtoka, hawezi kumeza, anafanana sana na mbwa aliyekwamwa na mfupa. Jambo la kwanza linalomjia mtu ni kutia mkono mdomoni. Usitie. Kichaa cha mbwa huanza hivyo hivyo kwa mbwa wengine: taya linalegea, sauti inabadilika, anakuwa mpole kupita kawaida au mkali bila sababu. Mate yake yakiingia kwenye mkwaruzo wa mkono yanatosha.

Jiulize: alikuwa anakula mfupa sasa hivi, mbele ya macho yako? Tabia yake imebadilika siku hizi mbili tatu? Ana chanjo ya mwaka huu? Kama huna jibu la uhakika, mfunge mahali peke yake bila kumshika na umpigie bwana mifugo. Akikuuma au mate yakigusa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Pemba ugonjwa huu ulishawahi kukatwa kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, ukadhibitiwa tena mwaka 2018 kwa njia hiyo hiyo. Mbwa aliyechanjwa ndiye unayeweza kumhudumia bila hofu.

Anakunywa maji kupita kiasi

Pima kwanza. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, mimina bakulini kutoka humo tu, zuia vyanzo vingine. Mbwa wa kilo 15 akimaliza chupa nzima kabla ya asubuhi ya pili, amevuka mpaka wa kawaida, ambao ni mililita 100 kwa kila kilo kwa siku.

Hapa kwetu mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Dagaa wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu. "Mbwa hajali chumvi," watu husema, na kweli hajali, anakula tu. Figo zake ndizo zinazojali. Roweka dagaa kwenye beseni la maji baridi. Baada ya nusu saa maji yamekuwa ya kijivu, magamba madogo yanaelea juu, na chini umebaki mchanga wa walikoanikwa. Mwaga, tia mengine, kirudie kitendo hicho mpaka ukionja maji kwa ncha ya ulimi huisikii chumvi. Mara tatu kwa kawaida. Papa mkavu mwache kabisa. Ukimroweka mpaka afae, gharama ya maji imeshapita ya samaki.

Ushauri wa ununuzi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Nunua wakati huo, wakiwa wapya na bei iko chini. Wakati wa mbalamwezi sokoni hubaki wa zamani, na rangi yao ya njano pamoja na harufu ya mafuta yaliyochacha inakuambia wamekaa.

Ukiondoa chumvi kwa wiki nzima na kiu ipo palepale, acha kutafuta chunguni. Figo, kisukari, na kwa jike asiyefungwa kizazi aliyetoka joto wiki chache zilizopita, usaha kwenye mji wa mimba, ambao ni dharura.

Manyoya yamefifia, ngozi ina magamba

Ondoa kupe, viroboto na upele kwanza. Mbwa anayejikuna mpaka damu, hasa masikioni na viwikoni, ana wadudu, alizeti haitamsaidia.

Kama hajikuni sana lakini manyoya yamekuwa makavu, yanakatika, na ukimpapasa unga unabaki mkononi, anakosa mafuta. Hapo ndipo wengi hukimbilia mafuta ya nazi, kwa kuwa yapo nyumbani na yanang'arisha nywele za watu. Lakini mafuta ambayo ngozi ya mbwa haiwezi kuyatengeneza yenyewe, yale ya asidi ya linoleiki, kwenye nazi ni machache sana. Alizeti ndiyo iliyojaa. Kijiko kimoja hadi viwili vya chai kwa siku kwa mbwa wa kilo 15, yamiminwe juu ya chakula kilichopoa. Manyoya hayaoti kwa siku mbili. Mpe wiki sita hadi nane.

Magamba mazito yanayoganda kuzunguka macho, mdomo na nyayo ni habari nyingine: zinki. Huwapata mbwa wanaolishwa ugali wa dona na pumba mwaka mzima, kwa sababu maganda ya nafaka hushika zinki isifyonzwe, na kalsiamu nyingi huongezea. Punguza pumba, ongeza nyama nyekundu, acha maganda ya mayai kama anakula dagaa, na mwone daktari kwa kipimo cha zinki yenyewe.

Anakonda na bakuli linaisha

Papasa mbavu. Zinatakiwa kuhisika chini ya vidole bila kubonyeza, lakini zisionekane ukiwa mbali. Kisha jibu maswali haya kwa mpangilio.

Nani anakula? Kaa pembeni umtazame mpaka mwisho. Kunguru, kuku na paka wa jirani wanakula haraka kuliko unavyodhani.

Anakula kiasi gani cha nguvu? Ndoo ya uji mwepesi inajaza tumbo na haina kitu. Mbwa wa msasi anayekimbia porini tangu alfajiri anahitaji zaidi ya zile kalori 850, pengine mara moja na nusu yake.

Fizi zikoje? Inua mdomo. Zikiwa waridi na ukibonyeza rangi inarudi ndani ya sekunde mbili, sawa. Zikiwa nyeupe na hakula vitunguu, mara nyingi ni safura ya minyoo au ugonjwa wa kupe, na kuongeza chakula ni kulisha wadudu. Mbwa mzima apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Watoto kila wiki mbili tangu wakiwa na wiki mbili mpaka wiki nane. Kupe akiambatana na homa na mkojo mwekundu, usingoje.

Matumbo mabichi kutoka kwa mchinjaji ni mlango mwingine wa minyoo. Mapafu au maini yenye malengelenge ya maji yasiliwe na mbwa mabichi hata kidogo. Ndani yake kuna mabuu ya tegu ambaye mbwa humwambukiza mtu kwa mavi. Pika mpaka ndani pawe pameiva, au fukia.

Fizi na macho vya manjano

Ini limeguswa. Kati ya sababu nyingi, moja inatoka jikoni: unga wa mahindi au karanga zilizopata ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara kwa mahindi, na mbwa ni dhaifu zaidi mbele yake kuliko sisi. Unga uliovunda wakati wa masika, ambao nyumbani mmeukataa, usishuke daraja kuwa wa mbwa wala wa kuku. Ukiona manjano hayo, chakula kisimame na mbwa aondoke siku hiyo hiyo kwenda kwa daktari, na kibunda cha unga ukichukue.

Muhogo nao una masharti yake: umenywe, uchemshwe bila kifuniko, maji yamwagwe. Mbichi asipewe, hasa ule mchungu.

Mtoto wa mbwa anapinda miguu

Miguu ya mbele imejipinda, anatembea kwa visigino, analia akishikwa. Ukiuliza, mwenyewe anasema kwa fahari: "Huyu namlisha nyama tupu." Ndiyo sababu. Nyama ina fosforasi mara kumi na tano hadi ishirini ya kalsiamu yake, wakati mtoto anahitaji kalsiamu iwe sawa nayo au izidi kidogo. Akiikosa chakulani, mwili unaikwangua kutoka kwenye mifupa, na mifupa inakuwa laini kiasi cha kuvunjika kwa kuruka kutoka barazani.

Mpe dagaa walioiva na kupondwa kila siku, yai, na wali. Chakula mara nne kwa siku hadi miezi minne, kisha mara tatu. Kwa uzito wake anahitaji karibu maradufu ya anachohitaji mbwa mzima. Usimrundikie kalsiamu kwa kukisia, kwani ikizidi nayo hupindisha mifupa, hasa kwa mbwa wa asili kubwa. Huyu ndiye mbwa pekee ambaye, kama fedha ipo, ningemnunulia chakula cha mfuko cha watoto mpaka afikishe mwaka.

Anayumba, kichwa kinainama

Swali moja: je, anakula dagaa au samaki wabichi? Baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Baada ya wiki kadhaa mbwa anapoteza hamu, kisha anayumba, kisha anapata degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo chemsha kila mara. Aliyefika hatua ya kuyumba anahitaji sindano ya B1 haraka, na akipata mapema hupona vizuri. Degedege bila historia ya samaki mbichi inarudi kwenye ile sehemu ya mdomo wazi hapo juu: mbali, bila kushika.

Amegoma kula

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu zaidi na mara nyingi ndiyo ndogo. Mbwa mzima, mchangamfu, anayekunywa maji, akikataa bakuli siku moja, aidha kuna joto, aidha kuna jike kwenye joto mtaani, aidha ameshakula kwingine. Zunguka kwa majirani kwanza. Mwezi wa Ramadhani baada ya futari mbwa wa mtaa hashikwi na njaa, na hiyo supu yako isiyo na chumvi haiwezi kushindana na vichwa vya samaki vya kupaka.

Usimbembeleze kwa kuongeza mchuzi wa watu. Pasha chakula kidogo mpaka kitoe harufu, mimina maji ya dagaa yasiyo na chumvi juu yake, weka dakika 20, ondoa mpaka jioni. Akigoma siku mbili mfululizo, au mtoto wa mbwa akigoma milo miwili, tazama meno, tazama fizi, mpime homa. Juu ya nyuzi 39.5 mpeleke. Ukienda, bebea daktari sampuli ya mavi kwenye kikopo na orodha ya kila kilichoingia chunguni wiki hii, pamoja na vile alivyopewa na watoto wakitoka skuli.